Kifunika mdomo chaweza kudhuru meno ya farasi

UNENE wa kupindukia ni miongoni mwa matatizo makubwa yanayowakumba farasi, hususan poni, katika nchi zenye malisho tele kama vile Uingereza na Ireland. Ili kuwapunguzia ulaji bila ya kuwafungia zizini, wafugaji wengi wa huko huwavisha kifunika mdomo. Hiki ni kikapu cha plastiki, mpira au nailoni kinachofungwa kwa mikanda kichwani, chenye tundu moja au zaidi upande wa chini ambamo nyasi chache tu hupenya.

Kifaa hicho hufanya kazi. Utafiti uliofanyiwa poni ulibainisha kwamba kinaweza kupunguza kiasi cha nyasi kinacholiwa kwa takriban asilimia 80. Kinachoogopwa si unene wenyewe tu. Poni anayekula sukari nyingi ya nyasi mbichi hupandwa na kiwango cha insulini mwilini, na hapo hunyemelewa na ugonjwa wa kwato ambao hulegeza tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato. Mnyama hushindwa hata kusimama, na wengi hulazimika kuuawa ili kuwaondolea mateso.

Hata hivyo, kinga hiyo ina gharama yake, nayo hulipwa na meno ya mbele. Farasi aliyezoea kula kwa saa 10 hadi 17 kwa siku hakubali kushindwa upesi. Huukandamiza mdomo chini, akakwaruza kitako cha kifaa kwa meno akitafuta majani, tena na tena, siku nenda siku rudi. Mpira mgumu na plastiki, vikichanganyika na mchanga unaonaswa humo, hugeuka kuwa kama tupa.

Ieleweke kwamba jino la farasi si kama la binadamu. Gego la farasi kijana huweza kufikia urefu wa sentimita 10, lakini sehemu kubwa yake imezikwa ndani ya taya. Kila mwaka jino husukumwa nje kwa milimita 2 hadi 3, kiasi kinacholingana na kile kinacholika kwa kutafuna. Hiyo ni akiba tu, wala si chemchemi isiyokauka. Kinacholika leo kwa kukwaruza plastiki hakitakuwapo mnyama atakapofikisha umri wa miaka 25.

Isitoshe, jino hujilinda kwa kutengeneza dentini mpya juu ya kiini chenye mishipa ya damu na neva. Likilika taratibu, kinga hiyo hutosha. Likilika kwa kasi, kiini hubaki wazi, na maumivu pamoja na maambukizi hufuata.

Dalili ya kwanza huonekana kwa kuinua midomo ya mnyama na kuyatazama meno 12 ya mbele, 6 juu na 6 chini. Kwa kawaida hukutana katika mstari ulionyooka. Kwa farasi aliyevishwa kifaa kwa muda mrefu, yale ya katikati yanaweza kuwa mafupi kuliko ya pembeni, au kingo zake za mbele zikawa zimechongeka. Ni vyema mfugaji ayapige picha kabla ya msimu wa kukivaa kuanza, kisha alinganishe kila baada ya wiki chache. Jicho linaloona mnyama kila siku halitambui mabadiliko madogo. Daktari wa mifugo, ambaye kwa kawaida huyakagua meno mara moja kwa mwaka, aitwe kila miezi sita.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Wachuuzi wa farasi hukadiria umri kwa kutazama meno ya mbele. Yakiwa yamechongwa na kifunika mdomo, hata mkaguzi stadi anaweza kukosea.

Njia za kupunguza madhara zipo. Kitako cha mpira laini ni afadhali kuliko cha plastiki ngumu, na kikichakaa hadi kuwa na kingo kali kibadilishwe. Kifaa kiachie nafasi ya kufungua kinywa na kunywa maji. Wataalamu wa Uingereza hushauri kisivaliwe kwa zaidi ya saa 10 hadi 12 kwa siku. Urefu wa nyasi nao ni muhimu: zilizong'olewa hadi kwenye udongo hazifiki tunduni, na ndefu hulala chini ya kitako. Katika hali zote mbili mnyama hukwaruza bure. Zinazofaa ni fupi zilizosimama wima.

Wapo wasiofaa kuvishwa kabisa, kwa mfano farasi mzee ambaye meno yake ya mbele yamekwisha kuwa mafupi. Huyo atengewe kiwanja kisicho na nyasi, apewe nyasi kavu zilizolowekwa ili sukari ipungue, kisha maji hayo yamwagwe.

Nchini Kenya hali ni kinyume. Punda wa Lamu au wa Mwea ana meno yanayosukumwa nje vivyo hivyo, lakini tatizo lake si shibe. Lake ni magego yenye ncha kali zinazochana mashavu, akawa anatema majani yaliyotafunwa nusu na kukonda. Ncha hizo huondolewa kwa tupa, na anayefaa kuishika ni daktari wa mifugo.