Nguvu ilipotoka mkononi: historia ya ruta ya mezani, ukiitazama kutoka Kilwa

Ukipata nafasi ya kwenda Songo Mnara, kile kisiwa kilicho kusini kidogo ya Kilwa Kisiwani, usikimbilie msikiti peke yake. Simama kwenye mlango wa nyumba mojawapo ya mawe na utazame ukingo wake kwa karibu. Jiwe la tumbawe limekatwa kwa hatua: ukingo wa kwanza, halafu ukingo mwingine umeingia ndani kidogo, umenyooka kama umepigwa rula. Fundi seremala wa leo akiuona atasema hiyo ni rebeti, na atakuuliza wamepigaje.

Wamepiga kwa mkono, karne ya 14 na ya 15, na walikuwa na siri moja. Tumbawe la aina ile likitolewa baharini likiwa bichi huwa laini, linakatika kwa chuma bila shida. Likikauka juani linakuwa jiwe kweli. Kwa hiyo fundi alikuwa na muda maalumu wa kufanya kazi yake, na zana yake ilienda kwa kasi ya bega lake. Milango ya mbao iliyokaa ndani ya kingo hizo hatunayo tena, mchwa na unyevu wameshamaliza. Lakini mbao zilikuwepo tele: Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331, mji anaoueleza ni wa nyumba za mbao.

Sasa, makala hii inahusu mashine ambayo leo inapiga rebeti kama ile kwa sekunde chache: ruta, hasa ruta iliyofungwa kichwa chini, miguu juu, chini ya meza. Nimeanzia mbali kwa sababu. Watu wengi hufundishwa sheria za mashine hii kama orodha ya amri, wanazikariri wiki moja, wanazisahau wiki ya pili. Ukijua zilitoka wapi, ni vigumu kuzisahau. Zote zinajibu tukio moja la kihistoria, nalo ni pale nguvu ya kukata ilipotoka kwenye mkono wa fundi ikaenda mahali pengine.

Tuanze na keke. Ukienda kwa mafundi wa majahazi wa pwani hii, au ukisoma kamusi za zamani, utaikuta. Ni chuma chenye ncha, kijembe, kilichochomekwa kwenye mti wa mviringo uitwao msukano. Juu yake kuna jivu, kishikio ambacho msukano unazunguka ndani yake. Kamba ya uta inazungushwa kwenye msukano, fundi anasukuma uta mbele na nyuma, kijembe kinazunguka huku na huku, tundu linatoboka. Mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, visingewezekana bila matundu kama hayo. Kukereza miguu ya vitanda nako kulifuata wazo hilohilo, ila hapo kinachozunguka ni mti wenyewe.

Keke ina tabia moja nzuri sana: ukiacha kusukuma, inasimama papo hapo. Ikikwama, inakwama tu. Tezo na patasi zinaweza kukukata, ndiyo, na mafundi wengi wana makovu ya kuthibitisha. Lakini hakuna hata moja inayoendelea kufanya kazi baada ya wewe kuacha. Ajali inakuwa na ukubwa wa nguvu zako mwenyewe.

Tabia hiyo ilianza kupotea Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Samuel Bentham, mhandisi wa meli (na mdogo wake Jeremy Bentham, yule mwanafalsafa), alipata hataza mwaka 1791 na 1793 kwa mashine za kufanyia kazi mbao, zikiwemo za visu vinavyozunguka. Wazo lake lilikuwa kwamba kukata mbao ni mwendo tu, na mwendo hauhitaji ustadi wa mtu ukishaufunga kwenye chuma. Miaka michache baadaye, kwenye bandari ya kijeshi ya Portsmouth, mpango wa Marc Brunel na mashine zilizotengenezwa na Henry Maudslay zilianza kuzalisha kapi, zile zinazopitisha kamba za matanga. Meli kubwa moja ya vita ilihitaji kapi karibu 1,000. Kufikia 1808 kiwanda kilikuwa kinatoa kapi 130,000 kwa mwaka, na inaelezwa kuwa wanaume 10 wasio mafundi walifanya kazi iliyokuwa ya mafundi 110. Kwa mtu wa Kilwa habari hii si ya mbali sana. Baadaye katika karne hiyo, meli za jeshi hilohilo zilikuwa zikizunguka pwani yetu kuyakamata majahazi ya watumwa yaliyotoka Kilwa Kivinje.

Mvuke ulikuwa wa viwandani. Kilicholeta kisu kinachozunguka hadi kwenye karakana ya mtaani ni mota ndogo. Mwaka 1915, Oscar Onsrud wa Chicago na mwanawe walitengeneza ruta ya kushika mkononi iliyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, ikizunguka mara 30,000 hivi kwa dakika. Miaka hiyohiyo R. L. Carter, naye wa Marekani, alikuwa anauza ruta ya umeme, na mwaka 1929 kampuni ya Stanley ikainunua biashara yake. Kuigeuza ruta chini juu na kuifunga chini ya meza hakukuhitaji mvumbuzi. Viwanda vilikuwa tayari na meza ambazo kisu kinachozunguka kinachomoza katikati. Faida yake unaiona mara moja: mikono yako yote miwili inashika mbao, na ubao wa kuongozea ulio nyuma ya kisu unakupa mstari ulionyooka.

Na hasara? Hapo awali fundi alitulia na zana ikaenda kwenye mti. Sasa zana imetulia, na wewe ndiye unayeupeleka mti, pamoja na vidole vyako, kwenye kisu.

Tupige hesabu kidogo, ndiyo kazi yetu hapa. Ruta ya kawaida ikiwa kwenye kasi ya juu inazunguka mara 24,000 kwa dakika, yaani 400 kwa sekunde. Biti yenye kipenyo cha milimita 12 ina mzingo wa karibu milimita 38, kwa hiyo makali yake yanasafiri mita 15 kwa sekunde, sawa na gari linalokwenda kilomita 54 kwa saa. Chukua sasa biti pana ya milimita 50, ile ya kupambia paneli za milango, uiweke kwenye kasi ileile. Makali yanakwenda mita 63 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Basi la Lindi halijawahi kufika huko, hata lile unalolifikiria. Ndiyo maana biti kubwa lazima ipunguziwe kasi, hadi mizunguko 10,000 hivi, ili ibaki karibu na mita 26 kwa sekunde. Ruta isiyo na kirekebisha kasi isifungwe biti ya namna hiyo kabisa.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mbao huungua. Biti yenye makali mawili inakata mara 800 kwa sekunde. Ukiupeleka ubao sentimita 5 kwa sekunde, kila mkato unaondoa milimita 0.06, nyembamba kuliko karatasi. Ukisita, makali hayakati tena, yanasugua, na moshi unatoka. Kwa hiyo usikate kina chote kwa mkupuo mmoja. Kata kidogo, inua biti, rudia, mwendo ukiwa uleule.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni upande wa kupeleka. Ruta ikiwa imepinduliwa chini ya meza, ukiitazama kutoka juu biti inazunguka kinyume cha saa. Wewe umesimama mbele, ubao wa kuongozea uko nyuma ya biti. Makali yaliyo upande wako yanakimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Basi peleka mbao kutoka kulia kwenda kushoto, ukipingana nayo. Kisu kitaisukuma mbao irudi kwako na kuibana kwenye ubao wa kuongozea, na wewe utahisi uzito. Uzito huo ni mzuri, ndiyo ile keke ya zamani: ukiacha kusukuma, mbao haiendi popote. Ukiipeleka upande mwingine, makali yanaidaka mbao na kuivuta, inaondoka mikononi mwako kama mshale, na mkono uliokuwa unaisukuma unabaki na safari isiyo na kizuizi kuelekea kwenye biti. Ndiyo maana pia mbao isipitishwe kamwe katikati ya biti na ubao wa kuongozea. Pale nyuma makali yanakimbia upande wa pili, na kila kitu nilichokueleza kinageuka.

Kufunga biti ni dakika mbili, lakini ndizo dakika za ajali za kipuuzi. Chomoa waya kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Ingiza shina hadi mwisho, kisha lirudishe milimita mbili au tatu kabla ya kukaza, maana likigota chini linaweza kulegea baadaye. Angalia kipimo: shina la milimita 6 halifai kwenye kibanio cha robo inchi, ambacho ni milimita 6.35. Litaonekana limekaza. Halijakaza.

Swichi nayo ina kisa chake cha Kilwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na tangu 2004 inaendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam, huku vijiji vingi vya wilaya ileile vikiendelea kungoja nguzo. Sasa umeme umefika maeneo mengi, na unajua unavyofanya: unakatika, unarudi. Ruta nyingi za bei nafuu zina swichi inayobaki imewaka. Umeme umekatika, fundi kainama kutazama biti, umeme umerudi. Dawa yake ni swichi ya sumaku. Ndani yake koili ndiyo inayoshikilia mguso, umeme ukikatika koili inaachia, na ukirudi mashine haiwaki hadi ubonyeze mwenyewe. Kama huna hela ya kununua kitu kingine chochote cha usalama, nunua hiyo. Na hadi utakapoinunua, umeme ukikatika chomoa waya kabla ya kufanya jambo lolote.

Vaa miwani na vizuia kelele. Glavu usivae, wala shati lenye mikono mipana. Kasi ile haikati kitambaa tu, inakivuta na aliye ndani yake. Vumbi ni hadithi ndefu zaidi. Miaka ya 1960 daktari Esmé Hadfield aliona kule High Wycombe, mji wa viwanda vya viti Uingereza, kwamba saratani adimu ya pua inawapata mafundi samani kuliko watu wengine. Tangu 1995 vumbi la mbao limo kwenye orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ruta hutoa vumbi laini mno, lile lisiloonekana likielea. Kitambaa ulichofunga puani kinakufariji tu. Tafuta barakoa halisi ya vumbi.

Na hapa tunafika kwenye mti wa pwani hii yenyewe, mpingo. Jamaa yake, ukoo wa Dalbergia, unajulikana kwa vumbi linalowasha ngozi na kubana kifua. Mita moja ya ujazo ina uzito unaozidi kilo 1,200, kwa hiyo unazama majini. Ugumu huo ndio uliowafanya Wazungu waupende kwa klarineti na oboi, na Wamakonde kwa vinyago. Unachukua takriban miaka 70 au zaidi kufikia kuvunwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kipande kilichorushwa ukutani na ruta kikapasuka ni hasara ya miaka mingi ya msitu wa watu fulani.

Tatizo ni kwamba mpingo haukui mnyoofu. Shina limepinda, lina mifereji, moyo una nyufa. Fundi wa mtaani anachopata ni vipande vifupi, na vipande vifupi ndivyo hasa meza hii inavyovipenda vibaya, kwa sababu mkono unakaa karibu na biti na mbao haina urefu wa kuegemea. Chini ya sentimita 30 hivi, mimi nisingeshika kwa mkono. Kigundishe kipande chako kwenye ubao mpana wa kawaida kwa gundi na karatasi katikati ili kibanduke baadaye, na ukisukume kwa kibao chenye mshikio. Kama una kipande kirefu kidogo, piga umbo kwenye ukingo wake kwanza kikiwa kizima, halafu ndipo uchukue msumeno wa mkono ukate urefu unaoutaka.