Mbwa wa Kuokotwa na Askari Waliopofuka

Katika vijiji vyetu mbwa hana heshima kubwa. Hulinda nyumba usiku, huandamana na wawindaji, hula makombo. Na yule asiye na mwenyewe hufukuzwa kwa mawe. Kwa hiyo yamkini wengi watastaajabu kusikia ya kwamba wako mbwa waliokuwa hawana mwenyewe, kisha wakakabidhiwa uhai wa watu. Twapenda kuieleza habari hiyo tangu asili yake.

Ilianza katika Vita Kuu vya 1914 hata 1918. Vipande vya mizinga na hewa ya sumu viliwapofusha askari wengi, nao walirudi kwao wakiwa vijana wenye nguvu, lakini wasioweza kuvuka njia pasipo kushikwa mkono. Mwaka 1916 daktari Mjerumani, Gerhard Stalling, alifungua katika mji wa Oldenburg shule ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza askari hao. Mwaka 1923 shule nyingine ikafunguliwa Potsdam. Mwanamke Mmarekani aliyekaa Uswisi, Dorothy Harrison Eustis, aliitazama kazi ya Potsdam, akaiandika gazetini mwaka 1927. Habari hizo zikamfikia kijana kipofu wa Tennessee, jina lake Morris Frank. Akasafiri mpaka Uswisi, akarudi kwao mwaka 1928 akiongozwa na mbwa jike, Buddy. Mwaka uliofuata ikaanzishwa huko Marekani shule iitwayo The Seeing Eye.

Vita vya pili vilipoanza, watu wa California walijua ya kuwa vipofu wengine watarudi. Basi mwaka 1942 wakaanzisha shule yao, Guide Dogs for the Blind. Mmoja wa mbwa wake wa kwanza aliitwa Blondie. Huyu alitolewa katika zizi la mji wa Pasadena, mahali walipofungiwa mbwa waliookotwa njiani. Katika mazizi ya namna hiyo mbwa asiyepata mtu wa kumchukua huweza kuuawa. Blondie alifundishwa, kisha akapewa Sajini Leonard Foulk, naye akawa askari wa kwanza kuhitimu katika shule ile.

Tusidhani kazi ya mbwa huyo ni nyepesi. Mtu ndiye ajuaye waendako, naye humwamuru mbwa ageuke kulia au kushoto. Mbwa huangalia shimo, ngazi, tawi lililoinama na gari lijalo. Akiambiwa aende mbele, naye aona hatari, imempasa kukataa. Hivyo hufundishwa mambo mawili yaonekanayo kupingana: kumtii bwana wake, na kutomtii pale ambapo utii utamwua.

Lakini kabla ya shule kuna malezi. Tangu mwaka 1942 The Seeing Eye iliwapa vijana wa mashamba wa New Jersey, wa chama cha 4-H, watoto wa mbwa wawalee majumbani mwao. Mtoto wa mbwa huletwa akiwa na umri wa majuma saba au manane. Hukaa na jamaa ile mwaka mmoja na zaidi, akizoezwa kuja aitwapo, kutulia penye watu wengi, na kutoogopa kelele za magari. Kisha, wakati wanapompenda kuliko siku zote, siku hufika wamrudishe. Wengi hulia. Wala hawana hakika kwamba atafaulu, kwa maana si mbwa wote wanaoiweza kazi hiyo.

Siku hizi kazi imepanuka. Wako askari warudio wakiwa na macho na viungo vizima, ila moyo umejeruhiwa: usiku huota vita, mchana huogopa makutano. Chama cha K9s For Warriors, kilichoanzishwa Florida mwaka 2011, huwapa askari hao mbwa, na wengi wa mbwa hao hutoka katika nyumba za mbwa walioachwa. Mbwa humwamsha bwana wake katika ndoto mbaya, na husimama karibu naye penye watu wengi. Mwaka 2021 Serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kujaribu kuwatibu askari wa namna hiyo kwa kuwapa wao wenyewe kazi ya kuwafundisha mbwa.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi waalimu twaijua kazi ya kulea kwa ajili ya wengine, maana watoto tuwafundishao hawabaki kwetu. Walakini twawastahi sana vijana wale wa mashamba. Walimlea mnyama kwa mwaka mzima, wakamtoa kwa mtu wasiyemjua, ili mtu huyo aweze kutoka nyumbani mwake peke yake na kurudi salama.