Ufafanuzi: Njia ya kibali cha daraja la waenda kwa miguu, kutoka ukingo wa Messalo hadi Pemba

Mvua zinaposhika kasi kaskazini mwa Cabo Delgado, kwa kawaida kuanzia mwezi Desemba, Mto Messalo hujaa na kutanda kwenye mabonde kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, karibu na Quiterajo. Tangu hapo hadi Aprili, anayetaka kwenda ng'ambo ana njia chache: kungoja maji yapungue, kupanda mtumbwi, au kuzunguka mbali hadi kwenye daraja la barabara kuu ya N380.

Kwa jamii zinazoishi hivyo, daraja jembamba la waenda kwa miguu lingebadili mengi. Lakini kati ya ombi la wanakijiji na siku ya kuchimba msingi kuna safari ya vibali ambayo wengi hawaifahamu. Makala haya yanaieleza safari hiyo kwa mujibu wa sheria za Msumbiji, na yanaonyesha ni wapi hasa mwananchi ana haki ya kusikilizwa.

Quiterajo na mto wake

Quiterajo ni mojawapo ya tarafa nne za wilaya ya Macomia. Nyingine ni Macomia mjini, Chai na Mucojo. Tarafa kwa Kireno huitwa posto administrativo, nayo hugawanyika katika kata, yaani localidades. Wakazi wa pwani huzungumza Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili, na kuelekea bara husikika pia Kimakonde na Kimakua. Maisha hutegemea uvuvi, minazi, mihogo, na mpunga unaolimwa kwenye ardhi yenye unyevunyevu kandokando ya mito.

Messalo ni mpaka baina ya Macomia na wilaya zilizo kaskazini yake. Kwa hiyo daraja lolote linalounganisha kingo zake mbili huenda likaunganisha pia wilaya mbili, na hapo ofisi za kushauriana huongezeka maradufu.

Eneo hili limeshuhudia mara nyingi nguvu ya maji. Kimbunga Kenneth kilipiga pwani ya Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita tu baada ya Idai kuuharibu mji wa Beira. Mwishoni mwa mwaka huohuo daraja la Mto Montepuez kwenye N380, kusini mwa Macomia, lilibomolewa na mafuriko, na wilaya za kaskazini zikakatiwa njia yao kuu ya kwenda Pemba.

Daraja la miguu lina faida gani?

Faida yake imepimwa. Wanauchumi Wyatt Brooks na Kevin Donovan walifuatilia vijiji vya Nicaragua ambavyo mito yake hufurika ghafla, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2020. Katika vijiji visivyo na daraja, mapato ya vibarua yalishuka kwa takriban asilimia 18 wakati wa mafuriko. Vilipojengewa madaraja ya miguu, upungufu huo ulitoweka, kwa sababu mtu aliweza kufika kazini na sokoni hata mto ukiwa umejaa.

Karibu na kwetu, Rwanda imejenga zaidi ya madaraja 100 ya aina hiyo kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Bridges to Prosperity. Mengi ni ya kebo za chuma na mbao au mabati ya kukanyagia, na wanakijiji wenyewe hushiriki katika ujenzi.

Hatua ya kwanza: baraza la ushauri

Sheria nambari 8/2003 kuhusu vyombo vya dola vya mitaa inaitambua wilaya kuwa msingi wa mipango ya maendeleo. Kanuni zake za mwaka 2005 zikaanzisha mabaraza ya ushauri katika ngazi ya wilaya, tarafa, kata na kijiji. Humo hukaa viongozi wa jadi, wawakilishi wa dini, wakulima, wavuvi na vikundi vya kijamii. Wanawake hawapaswi kupungua asilimia 30 ya wajumbe.

Hapa ndipo ombi la daraja linapopaswa kuanzia. Baraza la kata hulipeleka kwa baraza la tarafa, nalo hulifikisha wilayani, ambako huombewa nafasi katika mpango wa uchumi na bajeti ya mwaka, unaojulikana kwa kifupi cha Kireno PESOD. Ombi lisiloandikwa katika kumbukumbu za mkutano halina pa kushikia, hata kama kila mtu kijijini analijua. Kwa sababu hiyo wajumbe wenye uzoefu husisitiza muhtasari usomwe kwa sauti, kwa lugha inayoeleweka, kabla ya kutiwa saini.

Hatua ya pili: ardhi ya ncha mbili

Daraja hugusa ardhi mahali pawili, na njia za kulifikia hugusa zaidi. Sheria ya Ardhi nambari 19/97 inasema ardhi yote ni mali ya dola, lakini inalinda haki ya kuitumia, maarufu kwa jina la DUAT. Mtu au jamii iliyoikalia ardhi kwa kufuata mila ina haki hiyo hata bila hati. Aliyelima kwa nia njema kwa miaka 10 anayo pia. Ushahidi wa mashahidi, yaani maneno ya majirani na wazee, unakubalika kisheria.

Kanuni za sheria hiyo hutenga ukanda wa mita 50 kandokando ya mito inayopitika kwa vyombo, na mita 100 kandokando ya bahari na midomo ya mito, kuwa maeneo ya hifadhi ya sehemu. Ndani yake haki ya kawaida ya kutumia ardhi haitolewi. Shughuli huhitaji leseni maalumu.

Pale ambapo ardhi inayotumiwa na jamii inaombwa kwa ajili ya mradi, utaratibu wa mwaka 2011 unataka mikutano miwili. Wa kwanza ni wa kutoa taarifa na kuonyesha mipaka ya eneo. Wa pili hufanyika ndani ya siku 30 baada ya ule wa kwanza, na ndipo jamii hutamka iwapo eneo hilo linapatikana au la. Pengo hilo kati ya mikutano limewekwa kwa makusudi: ni muda wa kwenda nyumbani, kulipima jambo na kuwauliza wasiokuwepo. Na haki ya mtu ikiondolewa kwa manufaa ya umma, fidia ya haki hulipwa kwanza.

Hatua ya tatu: mazingira na maji

Agizo nambari 54/2015 hugawanya miradi katika makundi manne: A+, A, B na C. Makundi mawili ya mwanzo ni ya miradi yenye athari kubwa, nayo huamuliwa katika ngazi ya taifa. Kundi B hudai uchunguzi mwepesi wa mazingira, na kundi C hutosheka na kufuata taratibu za utendaji bora. Haya mawili hushughulikiwa mkoani, yaani Pemba.

Daraja dogo la miguu kwa kawaida halitarajiwi kuangukia makundi ya juu, ila mahali linapowekwa huweza kubadili hesabu. Mdomo wa Messalo una mikoko, ambayo ni mazalia ya samaki na kamba na kinga ya pwani dhidi ya mawimbi. Misitu ya Quiterajo nayo inajulikana kwa wanasayansi kwa mimea yake ya nadra. Nguzo inayosogezwa mita mia chache ili kuiepuka mikoko inaweza kuupunguzia mradi miezi ya uchunguzi.

Kuhusu mto wenyewe, mamlaka ya maji ya kanda ya kaskazini, ARA-Norte, hutakiwa kushirikishwa, kwa kuwa Sheria ya Maji nambari 16/91 inayaweka maji ya mito chini ya usimamizi wa umma. Mamlaka ya barabara, ANE, huhusika pale daraja linapounganishwa na mtandao wa barabara.

Maswali ambayo mhandisi lazima ayajibu

Swali kuu ni kimo. Sakafu ya daraja lazima iwe juu ya alama ya mafuriko makubwa kuliko yote yanayotarajiwa, kwa nafasi ya kutosha kupisha magogo yanayoelea. Pale vipimo vya mto vilipo vichache, kumbukumbu za wazee ni takwimu: maji yalifika mti gani mwaka wa Kenneth, na yalikaa siku ngapi?

Swali la pili ni aina. Daraja la kebo linaloning'inia bila minara ni rahisi zaidi, lakini huhitaji kingo ndefu na imara pande zote mbili. Katika bonde tambarare la mchanga, kama ilivyo sehemu za chini za Messalo, minara huenda ikahitajika na gharama hupanda. Wakati mwingine ni bora kujenga juu zaidi ya mto, penye kingo ngumu, hata kama watu watatembea kidogo.

Swali la tatu ni chumvi. Hewa ya pwani hula chuma. Kebo hupaswa kupakwa zinki, na lazima awepo mtu wa kuzikagua kila mwaka baada ya mvua.

La nne ni vyombo. Wavuvi hupita mtoni, na daraja halipaswi kuwafungia njia. Daraja la waenda kwa miguu linaloelea katika kivuko cha Likoni, Mombasa, lililoanza kutumika Januari 2021, lilisanifiwa ili sehemu ya katikati ifunguke kupisha meli. Quiterajo haihitaji mtambo wa namna hiyo, lakini mlingoti wa mashua nao una urefu wake, na mwenye kuujua urefu huo ni nahodha.

Fedha na subira

Kibali hakileti saruji. Baada ya usanifu hufuata zabuni, na mikataba ya umma kwa kawaida hukaguliwa na Mahakama ya Utawala kabla ya kuanza kutekelezwa. Kaskazini mwa nchi kuna pia Shirika la Maendeleo Jumuishi ya Kaskazini, ADIN, lililoundwa mwaka 2020, pamoja na Mpango wa Ujenzi Mpya wa Cabo Delgado uliopitishwa mwaka 2021.

Historia ya ukanda huu inafundisha subira. Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, lenye urefu wa mita 720 kati ya Negomano na Mtambaswala, lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Rais Armando Guebuza na Rais Jakaya Kikwete. Wazo lake lilikuwepo tangu miaka ya 1970, enzi za Samora Machel na Julius Nyerere. Daraja la miguu halihitaji kungoja kizazi kizima, ila nalo huweza kukwama kwa karatasi moja iliyokosa saini.

Kijiji kilichohama hushauriwa vipi?

Hili ndilo swali zito kuliko yote. Tangu mashambulizi ya waasi yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, pwani ya Macomia imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, liliorodhesha zaidi ya wakimbizi wa ndani milioni 1 kutokana na mgogoro huo. Wapo waliorejea, na wapo ambao bado wanaishi Pemba, Metuge, Montepuez na kwingineko.

Mkutano wa mashauriano ukiitishwa kijijini wakati wenye mashamba hawapo, idhini itapatikana upesi, lakini msingi wake utakuwa dhaifu. Shamba linaloonekana kuwa pori huenda lina mwenyewe anayelala kambini. Kivuko kinachochaguliwa na wachache waliobaki huenda si kile kilichotumiwa na wengi kabla ya kukimbia. Na mvushaji mwenye mtumbwi, ambaye daraja litampunguzia riziki, naye ana haki ya kuulizwa.

Sheria haimnyang'anyi mtu haki yake kwa kukosa hati, na inapokea ushahidi wa mashahidi. Viongozi wa jamii wanaotambuliwa na Agizo nambari 15/2000, yaani machifu wa jadi na makatibu wa vijiji au mitaa, wengi walihama pamoja na watu wao. Hivyo mashauriano yanaweza kuwafuata waliko, majina ya wenye mashamba yakaandikwa huko, na muhtasari ukarudishwa kuunganishwa na ule wa kijijini. Jambo hilo huchukua wiki kadhaa. Mgogoro wa ardhi baada ya daraja kujengwa huchukua miaka.

Ya kuuliza mkutanoni

Mwananchi anayehudhuria mkutano wa mashauriano kuhusu daraja, popote alipo, anaweza kuuliza haya:

– Mkutano huu ni wa kwanza au wa pili, na muhtasari wa uliopita uko wapi?
– Ncha za daraja zitaangukia shamba la nani, na je, mwenyewe amepatikana?
– Mradi umewekwa katika kundi gani la mazingira, na uamuzi huo umetolewa lini?
– Alama ya mafuriko iliyotumika ni ya mwaka gani?
– Mashua zitapita wapi?
– Nani atakagua kebo na mbao baada ya mkandarasi kuondoka, na kwa fedha ipi?

Majibu yakipatikana, yaandikwe. Yasipopatikana, hilo nalo liandikwe, kwa sababu muhtasari ndio utakaobaki katika jalada, na waliokuwa mbali wataweza kuusoma watakaporejea.