Chupa ya Dawa ya Kikohozi

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Kifua Kikuu kule Bangalore, India, waliingia vijijini kutafuta watu wenye dalili za TB. Ungedhani shida ni kwamba mwanakijiji hajui anaumwa. Kumbe zaidi ya nusu ya wale waliokuwa na dalili walikuwa wameshaenda wenyewe kutafuta matibabu, wengi kwenye vituo vya serikali. Huko walipewa chupa ya dawa ya kikohozi, wakarudishwa nyumbani.

Hebu fikiria. Mgonjwa alifanya kila kitu tunachomlaumu kwa kutofanya.

Halfdan Mahler aliijua India vizuri. Daktari huyu Mdenmaki, mtoto wa mhubiri, alianzia kwenye kampeni ya TB nchini Ecuador, kisha akakaa India karibu miaka kumi chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Mwaka 1962 akapewa kitengo cha TB huko Geneva. Ugonjwa mmoja, bajeti moja. Angestaafu hapo kwa heshima zake.

Lakini mwaka huo huo India ilianzisha mpango wa kutibu TB kwenye vituo vya kawaida, kwa mhudumu yule yule anayepokea homa na wajawazito. Mahler alizidi kuvutwa na njia hiyo. Mwaka 1969 aliiacha TB, akashika idara ya kuchambua mifumo ya miradi. Mwaka 1973 akawa Mkurugenzi Mkuu.

Septemba 1978, wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, Kazakhstan, wakaahidi huduma za afya ya msingi: chanjo, maji safi, lishe, uzazi, dawa muhimu, yote karibu na watu, na watu wenyewe wakiwa na usemi.

Haikuchukua muda mrefu. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani waliandika kwamba ndoto hiyo ni ghali mno. Tuchague magonjwa machache kwanza. Wafadhili wakaipenda hesabu hiyo. Tuseme ukweli, chanjo na maji ya chumvi na sukari viliokoa watoto wengi sana. Ila milango ikabaki imetengana.

Sisi tumeirithi milango hiyo. Ukimpeleka shosho hospitali unaijua: TB huku, sukari kule, presha urudi Alhamisi, na kila dirisha lina kitabu chake.

Mwaka 2023 Kenya ilipitisha Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, na takriban wahudumu wa jamii 100,000, wale CHP wetu, wakapewa vifaa vya kuzungukia nyumba kwa nyumba. Ni hatua kubwa. Lakini CHP akishamwambia shosho aende kituoni, na shosho akafunga leso akaenda, swali la Bangalore linabaki pale pale: atapewa nini akifika?