Reli Fupi ya Kipushi na Ijara Zake

Kipushi, mji wa machimbo wa Katanga, Kongo, uliopakana na Zambia, uko kilomita zipatazo 30 kutoka Lubumbashi, na masafa hayo mafupi ndiyo yaliyokuwa urefu wa reli ambayo kwa miaka mingi ilichukua takriban kila kilichotolewa ardhini pale. Ni tawi dogo kabisa, lakini habari zake zaonyesha kwa uwazi kuliko za njia kuu jinsi reli za Katanga zilivyotawaliwa: mwenye mali alikuwa mmoja, na mwenye kuiendesha mwingine.

Asili ya mambo hayo ni mwaka 1902, ilipoundwa kampuni ya CFK, ambayo nyuma yake alisimama Robert Williams, Mskochi mwenye kampuni ya Tanganyika Concessions. Reli yake, yenye upana uleule wa milimita 1,067 uliotumika tangu Rasi ya Tumaini Jema, iliingia Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la shaba la Lubumbashi likawashwa. Lakini CFK ilikuwa na milki tu; kazi ya kuendesha magari ya moshi hatimaye ilikabidhiwa BCK, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo mwaka 1928 ilikamilisha njia ya Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Hata mwaka 1952, milki ya CFK ilipohamia kwa kampuni mpya ya KDL, BCK iliendelea kuwa mwendeshaji.

Kipushi iliingia katika mpango huo baada ya kampuni ya machimbo ya Union Minière kuanza kuchimba pale katikati ya miaka ya 1920, katika mgodi ulioitwa kwa jina la Mwanamfalme Léopold wa Ubelgiji. Shaba ya Kipushi ilipelekwa kwenye tanuru la Lubumbashi, na zinki ikasafiri mbali zaidi, hadi Jadotville, yaani Likasi ya leo, ambako ilichomwa ili gesi yake itengenezwe asidi. Tawi lilikuwa na shehena moja na mteja mmoja, jambo ambalo mfanyabiashara mwenye hadhari angelikimbia. Walakini halikutetereka, kwa sababu Union Minière na BCK zote mbili zilikuwa chini ya mkono wa kampuni kuu ya mitaji, Société Générale ya Brussels. Mteja na mchukuzi walikuwa ndugu wa baba mmoja, na hasara ya huyu ililipwa kwa faida ya yule.

Udugu huo ndio uliokatika baadaye. Machimbo yalitaifishwa mwaka 1967 yakawa ya shirika la umma lililokuja kuitwa Gécamines. Reli zikaunganishwa mwaka 1974 katika shirika la SNCZ. Na mwaka 1993 mgodi wa Kipushi ukasimama. Serikali ilipoukabidhi uendeshaji wa reli kwa kampuni ya Sizarail mwaka 1995, iliyokuwa na wabia wakiwemo Waafrika Kusini wa Spoornet na Wabelgiji wa Transurb, tawi hili halikuwa na cha kuchukua, na ijara ile yenyewe haikudumu, kwani ilivunjwa mwaka 1997 utawala ulipobadilika. Nasadiki kwamba hapo ndipo udhaifu wa mikataba hii ulipodhihirika: iligawanya mapato kwa ustadi mkubwa, lakini reli isiyo na shehena haikupata wa kuilinda.

Mwezi wa Oktoba 2017, kampuni ya Ivanhoe, mbia wa Gécamines pale Kipushi, ilitia saini na SNCC, shirika la reli lililorithi SNCZ, hati ya maelewano ya kujenga upya kilomita 34 hadi Munama, kusini mwa Lubumbashi, kwa fedha za mwenye mgodi ilhali reli ni ya shirika la umma. Mgodi ulianza tena kutoa makinikia ya zinki mwezi wa Juni 2024, yakasafirishwa kwa malori. Ikiwa maelewano yale yatageuzwa kuwa mkataba kamili, ninachokitaka kuona ndani yake, kabla ya hesabu ya nauli, ni kifungu kinachotaja bayana ni nani atakayeitunza njia bei ya zinki itakapoanguka na mgodi kufungwa tena.