Sanamu ya Askari, Dar es Salaam

Sanamu ya Askari, iitwayo pia Bismini, ni kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ipo katikati ya jiji, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora.

Mahali hapo Wajerumani walisimamisha mwaka 1909 sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakaiondoa. Baadaye ikapelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha miaka ya 1960.

Sanamu ya sasa, ya shaba nyeusi, ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927. Inaonyesha askari mmoja aliyeelekeza singe upande wa bandari. Wapagazi, waliokufa kwa maradhi na uchovu kwa wingi kuliko wapiganaji, hawamo katika sanamu yenyewe ingawa wanatajwa katika maandishi ya chini, na hilo ni upungufu mkubwa; kumbukumbu kama hiyo ya Nairobi inamwonyesha mpagazi pamoja na askari. Mombasa nayo ina kumbukumbu ya aina hiyo.