Milango ya Viwanja vya Gofu vya Atlanta

Mtu aulizapo ni kiwanja gani cha gofu kilicho bora katika mji wa Atlanta, jimboni Georgia, kusini mwa Marekani, hujibiwa aghalabu kwa sifa za ardhi: miinuko ya vilima, ulaini wa majani, maji yaliyotangulia mbele ya shimo, na mchanga unaomeza mpira wa asiye stadi. Jibu hilo si la uongo, lakini ni pungufu. Kiwanja cha gofu ni eneo kubwa la ardhi lililotengwa, na kila ardhi iliyotengwa ina mlango wake na bawabu wake. Mwenye kusoma habari za viwanja vya Atlanta asiitazame milango hiyo ataujua mchezo asiujue mji.

Hapana budi kuanza na East Lake, maana huko ndiko sifa ya gofu ya Atlanta ilikochipuka. Klabu iitwayo Atlanta Athletic Club ilianzisha kiwanja hicho kando ya ziwa mwaka 1904 kwa ramani ya Tom Bendelow, na mwaka 1913 Donald Ross, mzaliwa wa Scotland, alikipanga upya. Hapo alikulia Bobby Jones, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1902, akajifunza kupiga mpira kwa kumtazama na kumwiga Stewart Maiden, mwalimu wa klabu. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 28, alishinda katika mwaka mmoja mashindano makuu manne, ya wazi na ya ridhaa, ya Uingereza na ya Marekani, kisha akaaga mashindano. Kazi yake ilikuwa uanasheria. Fedha za ushindi hakuzitaka. Hapo hapo alikulia pia Alexa Stirling, bingwa wa wanawake wa Marekani wa miaka ya 1916, 1919 na 1920, ambaye jina lake limefunikwa, wala si kwa haki, na kivuli cha jirani yake.

Katika siku hizo watu weusi nao walikuwamo viwanjani mwa mji huo. Walikata majani, walipika, walibeba mifuko ya fimbo nyuma ya wachezaji, na wengi wao walikijua kila kilima na kila bonde kuliko waliowalipa ujira. Walichonyimwa ni kucheza.

Yamkini mtu atasema kwamba klabu ni nyumba ya wenyewe, na mwenye nyumba humkaribisha amtakaye. Lakini baraza la mji lilikuwa na viwanja vyake pia, vilivyotengenezwa na kutunzwa kwa mali ya umma. Kimoja kati ya hivyo kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kikapewa jina la Bobby Jones naye angali hai. Kiko kaskazini mwa katikati ya mji, katika ardhi ambayo majeshi ya Kaskazini na ya Kusini yalipigana tarehe 20 Julai 1864 katika mapigano ya Peachtree Creek. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1950, watu weusi walizidi theluthi moja ya wakazi wa Atlanta. Kodi walilipa. Kiwanja cha mji cha kuchezea hawakuwa nacho hata kimoja. Walikuwa na Lincoln Country Club tu, klabu ya watu wenyewe, yenye mashimo 9, jirani na makaburi.

Tarehe 19 Julai 1951 watu wanne walifika katika kiwanja cha Bobby Jones wakataka kucheza. Walikuwa Dakta Hamilton M. Holmes, tabibu wa mji huo. Wanawe wawili, Alfred, aliyejulikana kwa jina la Tup, na Oliver Wendell, mchungaji. Na rafiki yao Charles Bell. Tup alikuwa mchezaji hodari tangu siku zake za masomo Tuskegee. Wote wanne walikataliwa kwa sababu ya rangi yao.

Waliondoka bila ghasia, na mwaka 1953 shauri likafunguliwa mahkamani. Mwaka uliofuata Jaji Boyd Sloan alitoa hukumu yenye nyuso mbili: mji hauna haki ya kuwanyima watu weusi mchezo kabisa, lakini una haki ya kuwatenga. Baraza la mji likaona njia, likapanga kwamba watu weusi wacheze siku za Jumatatu na Jumanne. Nimeufikiri mpango huo mara nyingi, nao waeleza ubaguzi vizuri kuliko vitabu vikubwa. Majani ambayo mtu mweusi angeyakanyaga Jumanne, Mzungu angeyakanyaga Jumatano. Shimo ni lile lile, na bendera ni ile ile. Basi kilichokuwa kikilindwa hakikuwa kiwanja. Kililindwa kisichoonekana, yaani uwezo wa watu fulani kusema kwamba siku hii ni yetu, nasi ndio tuliowapa ninyi siku yenu. Tena siku zenyewe zilikuwa zile ambazo mtu wa kazi yuko kazini.

Akina Holmes walikataa zawadi hiyo. Rufani yao ya kwanza ilishindwa mwezi wa Juni 1955. Wakaenda mpaka Mahkama ya Juu ya Marekani, na miongoni mwa mawakili wao alikuwa Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa mahkama hiyo hiyo. Tarehe 7 Novemba 1955 majaji walitangua hukumu za chini kwa maneno machache mno. Siku hiyo hiyo waliamua pia shauri la fukwe za kuogelea za Baltimore. Hukumu mashuhuri ya mwaka 1954 ilihusu shule. Sasa ikadhihirika kwamba haikuishia mlangoni pa shule.

Sheria kutamkwa ni jambo moja, na mlango kufunguka ni jambo jingine. Huko Greensboro, North Carolina, kiwanja cha mji kilikuwa kimekodishwa kwa klabu. Watu weusi sita waliocheza humo mwezi wa Disemba 1955 walikamatwa, na baadaye kiwanja kikafungwa kwa miaka kadha. Jacksonville, Florida, ilivifunga viwanja vyake mwaka 1959 kuliko kuvichangia. Atlanta nayo ingeweza kuuza au kufunga. Meya wake, William B. Hartsfield, alichagua kutii, na tarehe 24 Disemba 1955 Tup Holmes, ndugu yake na Charles Bell walicheza katika kiwanja cha North Fulton. Sioni haja ya kumsifu meya kupita kiasi. Alikuwa mwanasiasa mwenye hesabu, aliyejua thamani ya kura za watu weusi na ya jina jema la mji mbele ya wafanyabiashara. Shule za mji wake zilingoja mpaka 1961. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Hamilton E. Holmes, mwana wa Tup, pamoja na Charlayne Hunter, walikuwa wanafunzi weusi wa kwanza kuingia Chuo Kikuu cha Georgia. Naye akawa tabibu kama babu yake. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kiliondoa katika katiba yake sharti la uanachama wa Wazungu peke yao mwezi wa Novemba 1961.

East Lake ilipata mitihani ya namna nyingine. Baada ya mashindano ya Ryder Cup ya mwaka 1963, klabu ya zamani ilihama kufuata wanachama wake kwenda nje ya mji. Mahali pa kiwanja chake cha pili pakajengwa nyumba za serikali za kupangisha maskini, East Lake Meadows, ambazo baadaye zilivuma kwa risasi na dawa za kulevya. Mwaka 1993 tajiri Tom Cousins alikinunua kiwanja kilichobaki, kikatengenezwa upya. Nyumba zile zikabomolewa, zikajengwa nyingine pamoja na shule. Leo mabingwa wa dunia hucheza hapo kila mwaka, na wengi hupataja kama mfano wa kufufua mtaa. Wapo waliofaidika kweli. Lakini si wapangaji wote wa zamani waliorudi, na habari za hao hazisimuliwi siku za kombe.

Kiwanja cha Bobby Jones kimekuwa mali ya jimbo, na tangu 2018 kina mashimo 9 yanayochezwa kwa kwenda na kwa kurudi. Kusini-magharibi mwa mji kipo kiwanja cha umma katika Adams Park, si maarufu kwa wageni, chenye vilima na miti mingi. Mwaka 1983 kilipewa jina la Alfred “Tup” Holmes, miaka kumi na sita baada ya kufa kwake. Kiko wazi kila siku ya juma, Jumatatu na Jumanne zikiwamo.